Dhima ya Kitivo cha Sanaa katika Chuo Kikuu: Mafunzo kutokana na Tajriba ya Nairobi

Utangulizi

Mwanafunzi anayesomea Kiswahili, historia, falsafa au sosholojia katika chuo kikuu nchini Kenya huulizwa swali moja tangu siku anapopokea barua ya kujiunga na chuo: masomo hayo yatamfikisha wapi? Mwenzake wa udaktari au uhandisi haulizwi hivyo. Swali hilo haliulizwi na jamaa na majirani pekee, bali limepenya hadi katika sera za elimu. Katika mfumo wa elimu ya umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, masomo yamegawanywa katika mikondo mitatu. Serikali ilitangaza kuwa inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 wafuate sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Mgao huo, ukitekelezwa, utaathiri bila shaka idadi ya wanafunzi watakaobisha hodi kwenye milango ya vitivo vya sanaa miaka michache ijayo.

Makala haya hayakusudii kuzibeza sayansi. Taifa linahitaji madaraja, dawa na umeme. Nia yake ni kubainisha dhima ya kitivo cha sanaa ndani ya chuo kikuu: kitivo hicho kina kazi gani ambayo kitivo kingine hakiwezi kuifanya kwa niaba yake? Mjadala utaanza na dhana yenyewe, ugeukie historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha uzichambue dhima tatu kuu na changamoto zinazozikabili.

Dhana ya sanaa na elimu ya kiungwana

Sehemu ya tatizo imo katika istilahi. Neno ‘sanaa’ katika Kiswahili cha kila siku hurejelea ufundi wa kuunda kitu chenye kupendeza: uchongaji, uchoraji, ufinyanzi, uimbaji. Msikilizaji anapoambiwa kuwa fulani ana Shahada ya Sanaa, hudhani kuwa amefuzu kuchora au kucheza ngoma. Ili kuepuka utata huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatumia jina Ndaki ya Insia, yaani taaluma zinazomhusu insi, mwanadamu. Nchini Kenya, hata hivyo, ‘sanaa’ ndilo neno lililozoeleka, na ndilo litakalotumiwa katika makala haya.

Chimbuko la dhana hii ni Ulaya ya kale. Warumi walizungumza juu ya sanaa zinazomfaa mtu huru, asiye mtumwa. Katika Zama za Kati, sanaa hizo zilihesabiwa kuwa saba. Tatu zilihusu lugha na fikra: sarufi, mantiki na balagha. Nne zilihusu idadi na vipimo: hesabu, jiometri, muziki na falaki. Katika Chuo Kikuu cha Paris, kitivo cha sanaa ndicho kilichokuwa mlango wa vitivo vingine. Aliyetaka kusomea theolojia, sheria au utabibu alitarajiwa kwanza kujua kusoma matini kwa makini, kujenga hoja na kuipima hoja ya mwenzake. Ni muhimu kutambua kuwa hesabu na falaki zilikuwa ndani ya sanaa hizo. Uhasama wa leo kati ya sanaa na sayansi haukuwepo.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuiona orodha hiyo kuwa ngeni. Maneno sarufi, mantiki, balagha na falaki yote yameingia katika Kiswahili kutokana na Kiarabu, na yaliletwa na elimu. Wanazuoni wa mwambao, katika miji kama vile Lamu, Mombasa na Zanzibar, walisoma sarufi, balagha na falaki kando ya elimu ya dini muda mrefu kabla ya chuo kikuu cha kwanza kujengwa katika Afrika Mashariki.

Isitoshe, Kiswahili kina neno lake linalolingana na wazo la Warumi: uungwana. Muungwana, katika maana yake ya awali pwani, ni mtu huru, kinyume cha mtumwa. Baadaye neno hilo likaja kumaanisha mtu mwenye adabu, busara na utu. Mabadiliko hayo ya maana yanafunza jambo. Elimu ya kiungwana, huko Roma na huku pwani, ilianza kama haki ya wachache waliokuwa na watu wa kuwafanyia kazi. Chuo kikuu cha umma kina jukumu la kuigeuza: badala ya kuwa pambo la aliyezaliwa huru, iwe nyenzo ya kumfanya kila anayeipata awe huru katika fikra zake.

Nairobi: kutoka chuo cha ufundi hadi chuo kikuu

Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi inaonyesha wazi nafasi ya sanaa katika kukifanya chuo kiitwe chuo kikuu. Taasisi hiyo haikuanza kama chuo kikuu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilitoa hati ya kifalme ya kuanzisha chuo cha ufundi mjini Nairobi. Wakati huohuo, Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichangisha fedha za kujenga chuo cha sanaa, sayansi na biashara kwa kumbukumbu ya Mahatma Gandhi. Juhudi hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1954, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa mwaka 1956. Mwaka 1961 chuo kilipandishwa hadhi, kikaanza kusajili wanafunzi katika vitivo vya Sanaa, Sayansi na Uhandisi kwa ajili ya digrii za Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970, Nairobi kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Katika safari hiyo, kupanda hadhi kwa mwaka 1961 hakukuja kwa ufundi peke yake. Sanaa, sayansi na uhandisi viliingia vyote vitatu katika digrii. Hata hivyo, sanaa iliyoingia ilikuwa ya kuazima. Idara iliyohusika na fasihi ilikuwa Idara ya Kiingereza, na mwanafunzi wa Kikenya alifundishwa kuuona ulimwengu kupitia dirisha la London.

Hapo ndipo lilipozuka tukio mashuhuri la mwaka 1968. Mnamo mwezi wa Septemba, Bodi ya Kitivo cha Sanaa ilipokea waraka uliojadili mustakabali wa idara zake. Tarehe 24 Oktoba, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong’o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliujibu kwa waraka uliopendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakusema Kiingereza kisisomwe. Swali lao lilikuwa juu ya kitovu: kwa nini fasihi ya taifa moja la Ulaya iwe katikati, na fasihi ya Afrika ichukuliwe kuwa kiambatisho? Walipendekeza fasihi ya Afrika iwe kiini na nyingine zisomwe kwa kuhusishwa nayo, fasihi simulizi ipewe hadhi ya somo la chuo kikuu, na Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha za lazima.

Matokeo ya mjadala huo yalivuka mipaka ya chuo. Idara ya Fasihi ilizaliwa. Mwaka 1974 kongamano la walimu na wahadhiri lilifanyika katika Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni, na baadaye fasihi simulizi ikaingia katika silabasi ya shule za upili. Mwanafunzi anayechambua leo methali, vitendawili na ngano anavuna matunda ya mbegu iliyopandwa katika mabishano ya bodi ya kitivo.

Dhima ya kwanza: kuzalisha maarifa ya jamii kujihusu

Tukio la 1968 linadhihirisha dhima ya kwanza ya kitivo cha sanaa. Sheria za fizikia zilizothibitishwa Berlin zinafanya kazi hata Bungoma. Historia ya Bungoma, kwa upande mwingine, haiwezi kuagizwa kutoka Berlin. Yapo maarifa ambayo jamii isipoyazalisha yenyewe, ama hayatakuwepo kabisa, ama yatazalishwa na wengine kwa manufaa yao.

Mfano bora ni kazi ya Profesa Bethwell Ogot. Wakati alipoanza utafiti wake, wanahistoria wengi wa Ulaya walishikilia kuwa jamii isiyo na maandishi haina historia inayoweza kuandikwa. Ogot alikusanya masimulizi ya wazee, akayalinganisha na kuyapima kwa kufuata vizazi, na mwaka 1967 akachapisha kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini. Mwaka 1974 Godfrey Muriuki naye alichapisha historia ya Wakikuyu kuanzia 1500 hadi 1900, iliyotegemea pia masimulizi. Kwa kazi za aina hii, bibi na babu wa kijijini waligeuka kuwa hazina ya ushahidi.

Taaluma ya Kiswahili imefanya kazi sawa na hiyo. Kamusi, vitabu vya sarufi, uhakiki wa tamthilia na ushairi, na istilahi za nadharia ambazo mwanafunzi huzitumia bila kufikiria zilikotoka, zote zilibuniwa na watu waliokaa katika idara za vitivo vya sanaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika kifungu cha 7, ilijengea juu ya msingi uliowekwa na kazi hiyo. Lugha haiwi rasmi kwa tamko tu. Sharti pawepo watafsiri, wakalimani, walimu na wanaleksikografia wa kulitekeleza tamko lenyewe.

Dhima ya pili: kuzikamilisha taaluma nyingine

Dhima ya pili ni kuzihudumia taaluma zilizoko upande wa pili wa uwanja wa chuo. Huduma hii haionekani kwa urahisi, kwa sababu mafanikio yake huandikwa kwa jina la wengine.

Ugonjwa wa Ebola uliozikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya 2014 na 2016 uliua zaidi ya watu 11,000. Madaktari walijua jinsi virusi hivyo vinavyoambukiza, na walijua kuwa maiti ni ya hatari sana. Wakaagiza miili izikwe haraka na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Lakini katika jamii nyingi za huko, kumwosha marehemu na kumuaga ni wajibu usioepukika. Familia zilizonyimwa nafasi hiyo zilianza kuwaficha wagonjwa na kuzika usiku, na maambukizi yakaendelea. Wanaanthropolojia walishirikishwa ili kueleza maana ya matambiko hayo na kutafuta, pamoja na wazee na viongozi wa dini, sehemu zinazoweza kubadilishwa bila kuvunja heshima ya marehemu. Mwishoni mwa mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima, uliozingatia taratibu za Waislamu na Wakristo. Sayansi ilijua la kufanya. Namna ya kulifanya likubalike ilihitaji elimu ya utamaduni.

Mfano wa pili unatoka hapa nyumbani. Kompyuta zinazotambua usemi na kutafsiri lugha hujifunza kutokana na mikusanyo mikubwa ya matini na sauti. Kiingereza kina mikusanyo hiyo tele, ilhali lugha nyingi za Kenya hazina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene waliunda mkusanyo uitwao Kencorpus, wenye maneno yapatayo milioni 5.6 na saa 177 za sauti katika Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kazi kama hiyo haikamiliki kwa mtaalamu wa kompyuta akiwa peke yake. Nani atakayeamua kwamba neno fulani la Kijaluo ni kitenzi na si nomino? Nani atakayejua kuwa Kimarachi na Kibukusu havipaswi kuchanganywa katika faili moja? Hilo ni jukumu la mwanaisimu. Bila yeye, mashine itajifunza makosa na kuyarudia kwa kasi ya ajabu.

Vipo vyuo vilivyoitambua dhima hii mapema na kuiingiza katika mitaala. Chuo Kikuu cha Ghana kimewataka wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wasome somo la taaluma za Kiafrika. Dar es Salaam, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, masomo ya maendeleo yalifanywa kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa vitivo vyote. Chuo cha Ashesi nchini Ghana, kilichofunguliwa mwaka 2002, huwafundisha wanafunzi wa kompyuta na biashara maadili, uandishi na fikra tunduizi kama sehemu ya msingi ya shahada zao. Katika vyuo vingi vya Kenya zipo kozi za pamoja kama vile stadi za mawasiliano. Kwa bahati mbaya, aghalabu hufundishwa katika kumbi zilizofurika, na mwanafunzi huzichukulia kama ushuru wa kulipa kabla ya kufika kwenye masomo ‘yenyewe’.

Dhima ya tatu: kuhoji

Dhima ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Kitivo cha sanaa hufundisha kuuliza: nani amesema, kwa masilahi ya nani, na kwa ushahidi gani? Mwanafunzi aliyezoea kuhoji matini ya karne ya 18 hatashindwa kuihoji hotuba ya mwanasiasa.

Historia ya Kenya inaonyesha kuwa dhima hii imetekelezwa kwa gharama. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong’o, akishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, aliandaa mchezo wa Kikuyu ulioigizwa na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Mchezo ulipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo hadi Desemba 1978. Alipoachiliwa hakurejeshewa kazi yake chuoni. Alamin Mazrui, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta wakati kilipokuwa bado chuo kishiriki, alichapisha tamthilia yake Kilio cha Haki mwaka 1981. Mwaka uliofuata alitiwa mbaroni na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Mashairi aliyoyatunga yakachapishwa baadaye katika Chembe cha Moyo.

Mtu angeweza kuuliza: ikiwa sanaa ni taaluma zisizo na manufaa, kwa nini dola iliziogopa kiasi hicho? Anayefungiwa mlango ni yule ambaye sauti yake inasikika. Watawala wa miaka hiyo waliufahamu uzito wa sanaa kuliko wanaouliza leo itamfikisha wapi mwanafunzi.

Changamoto

Ni wajibu kukiri kuwa baadhi ya lawama zinazoelekezwa kwa vitivo vya sanaa ni za haki. Kwanza, kwa kuwa kozi za sanaa hazihitaji maabara, vyuo vimezoea kupokea wanafunzi wengi katika kozi hizo bila kuongeza wahadhiri. Mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, ulioanza Nairobi mwaka 1998, uliharakisha mwenendo huo. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kusahihisha insha kwa makini, ilhali insha iliyosahihishwa kwa makini ndiyo maabara ya mwanafunzi wa sanaa. Asiyeandika na kurekebishwa hutoka na cheti, hatoki na stadi.

Pili, zipo kozi ambazo hazijabadilika kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa isimu anayehitimu bila kugusa mkusanyo wa matini katika kompyuta, au wa historia asiyewahi kuingia katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, amepunjwa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Tatu ni suala la lugha. Nje ya idara za Kiswahili, takriban taaluma zote za sanaa nchini hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafalsafa anayejadili haki na utu wa Mwafrika huandika insha ambayo mamake hawezi kuisoma. Pendekezo la 1968 la kukipa Kiswahili nafasi ya lazima halijatimizwa kikamilifu, ingawa Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya taifa, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Nne, marekebisho ya kiutawala yanaweza kuwa tishio au fursa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliondoa mfumo wake wa ndaki na kuziunganisha taaluma hizi chini ya Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii. Muungano wa namna hiyo ukilenga kupunguza matumizi ya fedha pekee, idara ndogo humezwa na kubwa. Ukitumiwa kuwakutanisha wanahistoria, wanaisimu na wanauchumi katika utafiti mmoja, unaweza kuleta uhai mpya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kitivo cha sanaa kina kazi tatu katika chuo kikuu: kuizalishia jamii maarifa kuihusu, kuzikamilisha taaluma nyingine, na kuhoji yanayochukuliwa kuwa kweli bila kupimwa. Historia ya Nairobi imethibitisha kila mojawapo. Lakini heshima ya kitivo haitarudishwa kwa kulalamika. Itarudishwa na insha inayosahihishwa, utafiti unaofika nyanjani, kozi za pamoja zinazofundishwa kwa dhati, na ushirikiano na vitivo jirani usio na unyonge wala majivuno.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika kazi hiyo, kwa kuwa wanaisoma taaluma ya chuo kikuu kwa lugha ambayo mkulima, dereva na waziri wanaielewa. Wakiulizwa masomo yao yatawafikisha wapi, jibu bora ni kazi yao: kamusi iliyotungwa, tafsiri iliyo sahihi, masimulizi yaliyohifadhiwa kabla ya msimulizi kuaga dunia. Mzee huyo hatamsubiri mtafiti hadi bajeti ya mwaka ujao.